Jinsi ya kumpata mshauri atakayekufundisha kudili na stresi, sio wa kukupa pole tu

Haipiti wiki mbili sijaulizwa. Mmoja ananivuta pembeni msibani, mwingine anatuma meseji saa sita usiku, "kaka yule mtu wako wa ushauri ulimpatia wapi, ni bei gani, na hivi ukienda kule si wanakuandika kichaa?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, sasa naweka yote hapa, na ukimaliza kusoma mrushie na yule shemeji yako ambaye siku hizi anakunywa peke yake.

Mimi sio daktari, nauza spea za magari Kariakoo. Ila kuna miaka kama miwili hivi hali yangu ilikuwa mbaya, deni juu, mzee kafariki, usingizi hakuna, na nikawa nazima mawazo kwa kachupa kadogo na mikeka ya mpira, yaani kubeti. Viroba, zile pombe kali za paketi, vilipopigwa marufuku Machi 2017 nilishangilia kabisa nikasema afadhali vijana watapona, miaka miwili baadaye ndo mimi nipo dukani kwa Mangi saa tatu usiku nanunua kachupa halafu nakaficha kwenye mfuko wa mkate. Nilipita kwa watu watatu kabla sijampata wa nne aliyenisaidia kweli. Mifano mingi ni ya Dar maana ndo naishi, mikoani njia haina tofauti kubwa.

Kabla hujaanza, yajue majina

Hapa ndo wengi wanapoteza hela. Mshauri nasaha, au kaunsela, ni mtu wa kuongea na wewe, na jina hili linabeba kila mtu, aliyesoma miaka minne na aliyehudhuria semina ya wiki moja, kwa hiyo uwe makini. Mwanasaikolojia kasomea saikolojia chuoni, na yule wa saikolojia tiba kaenda mbele zaidi, ndo mara nyingi unayemhitaji kwa hii kazi ya kujifunza mbinu, ila haandiki dawa. Daktari wa afya ya akili kasoma udaktari kwanza halafu akabobea, huyu anaandika dawa, na muda wa kukaa na wewe saa nzima mara nyingi hana, foleni yake utaiona mwenyewe. Halafu kuna afisa ustawi wa jamii, yupo hospitali na halmashauri. Watu wanampita tu huyu wakati yeye ndo anajua nani yupo wapi, na kama huna hela ndo wa kuanza naye.

Vitu vya kuwa navyo

- Kadaftari kadogo na kalamu. Simu inafaa pia kama hamna anayeipekua.
- Hesabu ya vikao sita, sio kimoja. Ukiambiwa kikao elfu 40, basi akilini weka laki mbili na arobaini, halafu jumlisha nauli. Kama haiwezekani, usianze kwa huyo, tafuta wa chini ya hapo mapema.
- Kadi ya bima kama unayo, kitambulisho, na majina ya dawa zozote unazotumia, hata za mitishamba.
- Saa moja kwa wiki ambayo haina mtoto, bosi wala mteja.
- Mtu mmoja anayejua unaenda wapi. Mmoja tu, sio grupu la familia.

Hatua zenyewe

1. Jiulize kwanza kama hii ni dharura. Kama una mawazo ya kujiua au kujidhuru, au ndugu yako anasikia sauti zisizokuwepo, hali chakula, halali siku kadhaa, usitafute mshauri wa Jumanne ijayo. Nenda kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu leo hii, na usiende peke yako. Mwambie mtu mmoja kwa maneno ya wazi kabisa, "naogopa nitajidhuru, kaa na mimi", na vitu hatari viondoke hapo ndani. Kwa ishu ya mtoto piga 116, ni bure.

Hapohapo kuna onyo jingine: kama unakunywa kila siku na asubuhi mikono inatetemeka, usikate pombe ghafla kwa hasira ya kujirekebisha. Mwili uliozoea pombe ukikatiwa ghafla unaweza kuleta degedege, na watu wanakufa. Daktari kwanza, mshauri baadaye. Na kama ni unga, yaani heroini, zipo kliniki za methadone, dawa ya kukusaidia kuuacha, Muhimbili walianza 2011 zikafuata Mwananyamala na Temeke, na pale unapata dozi na watu wa kuongea nao pamoja.

2. Andika wiki moja. Usiandike historia ya maisha yako. Kila siku mistari mitatu tu: nini kilitokea, mwili ulijisikiaje, nikafanya nini. Yangu ya siku ya kwanza ilikuwa hivi: "Mteja karudisha gia boksi kanitukana mbele ya vijana. Kifua kimebana. Nimeweka mkeka wa elfu ishirini." Basi. Baada ya siku saba niliona kitu ambacho miaka miwili sikukiona, kwamba sinywi nikiwa na huzuni, nakunywa nikiwa nimeaibishwa. Hiyo karatasi ilinisaidia kuliko maelezo yote niliyowahi kumpa mtu.

Ukimaliza wiki, toa sentensi moja inayoanza na "nataka nijue cha kufanya pale ambapo..." Kwa mfano, "nataka nijue cha kufanya pale ninapotaka kumpiga mtoto", au "pale moyo unapokimbia ndani ya daladala nahisi nakufa". Hii sentensi ndo utaibeba kila mlango. Ukienda na "sijisikii vizuri" utapewa pole na nasaha za kumtegemea Mungu, ambazo ungezipata bure kwa mama mkubwa.

3. Chagua mlango. Ipo kadhaa, na wengi wanadhani upo mmoja tu, wa wenye hela.

Hospitali ya serikali ndo naiamini kwa kuanzia. Dar unazo hospitali za rufaa za mkoa tatu, Amana, Temeke na Mwananyamala, halafu juu yake Muhimbili. Mwanza nenda Bugando, Moshi KCMC, Mbeya ile ya Rufaa ya Kanda, Unguja Kidongo Chekundu, na Dodoma ni Mirembe yenyewe, hospitali ya magonjwa ya akili. Najua jina hilo linavyotisha, tumekua tunataniana "umetoroka Mirembe wewe", ndo maana watu wanaogopa hata kuuliza dirishani. Ukifika sema kwa sauti ya kawaida "naomba kliniki ya afya ya akili" au "naomba kumuona mwanasaikolojia", kama vile unaulizia kliniki ya meno. Hamna anayekupiga pingu. Ukiwa na bima anza hospitali ya chini uchukue barua ya rufaa, kwenda moja kwa moja juu utarudishwa au utaambiwa ulipe mwenyewe. Na muulize mtu wa bima pale kaunta kama kadi yako inagusa kikao cha ushauri au ni daktari na dawa tu, usidhani.

Ubaya wa serikali ni foleni, na unaweza kukuta mtu tofauti kila ukienda. Uzuri ni kwamba watakupima na mwili pia. Jamaa yangu alijua ana wasiwasi wa akili kumbe goita linamwendesha moyo mbio, hakuna maongezi yangemtibu hilo.

Mlango wa pili ni binafsi. Unapata faragha na muda, unalipa. Humu ndo kuna wazuri sana na humuhumu ndo kuna matapeli, hatua ya tano inakuhusu.

Wa tatu ni pale ulipo tayari. Kama ni mwanachuo, ofisi ya mshauri wa wanafunzi ina mtu au inajua mtu. Ukiwa unahudhuria CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, washauri nasaha wapo hapohapo na wamezoea kutunza siri kuliko wengi. Mwajiri mkubwa naye wakati mwingine analipia vikao kadhaa, uliza watu wa rasilimali watu bila kueleza tatizo lako, sema tu "hivi tuna huduma ya ushauri?"

Wa nne ni simu na video. Unafaa kwa walio mbali na mji, na kwa ndugu zetu walioko Muscat na kwingine wanaotaka kuongea Kiswahili na sio lugha ya kutafuta maneno. Ila uwe na sehemu ya kujifungia, dada mmoja ninayemfahamu alikuwa anafanya vikao vyake ndani ya gari lililozimwa, na jasho lake.

Mchungaji na shekhe je? Nenda, mimi mwenyewe dua iliniweka hai. Lakini muulize kama ana mbinu za kukufundisha au ana maombi, na yeyote anayekwambia acha dawa za hospitali, ondoka siku hiyohiyo.

4. Tuma meseji kabla hujatoa nauli. Chukua hii, badilisha unavyotaka:

"Habari za leo. Naitwa fulani. Natafuta mtu wa kunifundisha namna nzuri ya kudili na hasira (au pombe, au wasiwasi). Naomba kujua umesomea nini na wapi, umewahi kufanya kazi na watu wenye shida kama yangu, kikao ni dakika ngapi na bei gani, na huwa unatoa mazoezi ya kufanya nyumbani? Asante."

Watumie watu watatu, sio mmoja. Swali la mwisho ndo la dhahabu. Anayefundisha mbinu atakujibu ndiyo na pengine atakupa mfano, ambaye hana atakwambia "njoo kwanza tuongee". Sio kwamba huyo wa pili ni mbaya, pengine unahitaji kuongea tu, ila kwa shida yangu kuongea tu kulinimalizia hela.

5. Hakikisha ni mtu wa kweli. Kuomba kuona cheti sio utovu wa adabu, fundi wa gari unamuuliza kajifunzia wapi sembuse anayeshika kichwa chako. Daktari anatakiwa awe amesajiliwa Baraza la Madaktari. Mwanasaikolojia muulize shahada yake, ya uzamili kama anayo, na nani anamsimamia au anashauriana naye akipata mteja mgumu. Mtu makini swali hilo halimkeri hata kidogo.

Kimbia ukiona: anaahidi utapona ndani ya siku tatu, anakuuzia virutubisho vya makopo, anataka ulipe vikao kumi mbele, anasimulia stori za wateja wake kwenye status hata kama kaficha majina, anakwambia mkutane hotelini usiku, au anaanza kukwambia umependeza. Hilo la mwisho lisikuchanganye, hakuna "ametokea kunielewa sana" hapo.

Ila karatasi sio kila kitu pia. Zimbabwe kuna mpango ulianza 2006, chini ya daktari Dixon Chibanda, wa kuwafundisha bibi wa kawaida wa mtaani kukaa na mtu kwenye benchi na kumsaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine, na ulipofanyiwa utafiti ukaonekana unapunguza sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, kweli. Wazo hilo likaja mpaka Zanzibar. Angalia lakini, wale bibi wamefundishwa na wanasimamiwa. Tofauti kubwa hiyo na jirani mwenye busara.

6. Kikao cha kwanza, usikubali kuwa mgeni. Kawaida ataanza yeye kuuliza. Unaweza kupewa maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja unajibu kati ya 0 na 3, jumla ya juu kabisa 27. Sio mtihani na hamna kufeli, jibu ukweli, hasa lile la mwisho linalouliza mawazo ya kujidhuru. Watu wanaandika sifuri pale kwa aibu halafu wanarudi nyumbani na siri yao.

Uliza siri inaishia wapi. Mtu mzuri atakwambia bila kuzunguka: yote yanabaki hapa, isipokuwa ukiwa hatarini kujiua, ukitaka kumdhuru mtu, kuna mtoto anaumizwa, au mahakama ikiagiza. Akikwambia "usijali wewe ongea tu" rudia swali.

Halafu toa ile sentensi yako. Mimi kwa yule wa kwanza niliona aibu, nikaongea siasa na bei ya dola dakika arobaini, nikalipa nikaondoka. Wa pili alinisikiliza vizuri, akaniambia nijikaze mimi ni baba. Wa nne niliifungua daftari mezani nikamsomea, akakaa kimya kidogo akauliza, "hapa kati ya kifua kubana na kuweka mkeka, ni dakika ngapi?" Sikuwahi kufikiria. Nikasema kama tano. Akasema basi tutafanya kazi kwenye hizo tano.

7. Usitoke bila kitu cha kufanya. Hii ndo roho ya jambo lenyewe. Kabla hujasimama muulize, "wiki hii nifanye nini, lini, na nikishindwa nifanyeje?" Nikuonyeshe mimi nilipewa nini ujue inavyofanana:

Wiki ya kwanza pumzi tu. Vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita, dakika tatu, mara mbili kwa siku nikiwa nimetulia. Hapo kwenye kutulia ndo watu wanakosea, wanasubiri mpaka wapaniki ndo wajaribu, halafu wanasema haifanyi kazi. Huwezi kujifunza kuogelea siku unazama.

Wiki ya pili kuchelewesha. Hamu ya kunywa ikija siikatazi, naiambia ngoja dakika ishirini, natega saa ya simu, natoka dukani natembea mpaka kituo cha mwendokasi na kurudi. Mara ya kwanza nilirudi nikanywa vilevile. Nikaandika, "nimekunywa ila baada ya dakika 20". Nilidhani atanisema, akafurahi. Mara ya nne au ya tano nilifika kituoni hamu imeshuka yenyewe, nikanunua karanga.

Wiki ya tatu ikaja safu nne kwenye daftari: tukio, nilichojiambia, hisia, ushahidi. Nilichojiambia ilikuwa "wote wananiona mjinga". Ushahidi? Vijana wawili wa dukani, mmoja hata hakuwepo.

Yako yatakuwa mengine, usiige yangu. Kama ni kumbukumbu za kubakwa au ajali mbaya kuna namna zake za taratibu na hazianzi kwa kusimulia kila kitu siku ya kwanza, ukilazimishwa kusimulia unaruhusiwa kusema bado.

8. Baada ya kikao cha nne, piga hesabu. Usijiulize kama unampenda. Jiulize je, ile hali ya kwenye sentensi yako ikitokea siku hizi unafanya kitu tofauti hata mara moja kati ya tano? Ukiona ndiyo, endelea. Ukiona hapana mwambie usoni, "naona hatusogei, tubadilishe nini?" Jibu atakalotoa hapo litakwambia kama unabaki au unahama. Na kuhama sio usaliti, hata kinyozi unabadilisha.

Yakikwama

*Hela hamna kabisa.* Afisa ustawi wa jamii wa hospitali ya wilaya, mwambie wazi huna uwezo, kuna utaratibu wa msamaha wa malipo. Na kwa binafsi omba kikao kila wiki mbili badala ya kila wiki, wengi wanakubali kama umejitahidi kufanya mazoezi.

*Nikitoka kikaoni najisikia vibaya zaidi.* Siku moja mbili ni kawaida, umefukua. Ikifika wiki nzima au mawazo ya kufa yakiongezeka mpigie usisubiri kikao kijacho, na asipopatikana rudi hatua ya kwanza.

*Nimeandikiwa dawa, naogopa.* Uliza inatibu nini, inaanza kufanya kazi lini, nitaitumia muda gani. Nyingi za sonona zinachukua wiki kadhaa, kwa hiyo usiziache siku ya tano eti hazifanyi kazi, na hata ukipata nafuu usizikate mwenyewe.

*Ndugu wanasema nimerogwa.* Usibishane. Waambie nafanya vyote viwili, nao watashika upande wao. Shangazi yangu mpaka leo anaamini ni kombe lake lililonitibu, na mimi nilimshukuru.

*Mwenzangu hataki niende, anasema napeleka umbea nje.* Mwalike kikao kimoja kama mshauri anakubali. Kama anakupiga, usimwambie unaenda wapi, na Dawati la Jinsia na Watoto lipo vituo vya polisi.

*Nilianza vizuri nikaacha, sasa naona aibu kurudi.* Andika, "samahani nilipotea, nafasi ipo lini?" Usieleze kingine chochote. Mimi niliituma baada ya wiki saba, nikiwa nimekaa na ile meseji tangu asubuhi siibonyezi. Jibu likaja baada ya dakika mbili: "Alhamisi saa tisa. Njoo na daftari."